Masika ya Kukaa Kichwani

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na leo nimeua mtu. Mtu mwenyewe ni wa mpira, hana vidole vya miguu na shingo yake imefungwa plasta, lakini amekufa mikononi mwangu mbele ya madaktari wenzangu watano, na nimerudi nyumbani kwa kunyata kana kwamba kuna ndugu zake wananisubiri getini.

Nieleze vizuri, nisije nikasoma daftari hili siku moja nikajiona kichaa. Tuko madaktari wachanga sita, tumeletwa wodi ya wazazi kwa miezi mitatu tujifunze kazi ya ganzi na usingizi. Mama akipasuliwa ili mtoto atolewe, wote wanakaa upande wa tumbo. Mmoja tu anakaa kichwani. Huyo ndiye anayeangalia pumzi, presha na mapigo ya moyo, na ndiye ambaye mama humwona akiinua macho. Hapa kazi hiyo inaitwa hivyo hivyo, kukaa kichwani. Mwisho wa Mei kuna mtihani, na anayefaulu ataruhusiwa kukaa peke yake. Mpaka hapo kwa wagonjwa tunakaa na msimamizi nyuma yetu, na tunafanya mazoezi na mwanasesere kila Jumanne na Alhamisi alasiri, katika chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Mwenzetu mmoja tunayemwita Jogoo, kwa sababu hujibu swali kabla halijaisha, amempa mwanasesere jina la Shangazi, na jina limeganda.

Anayetufundisha ni muuguzi wa usingizi wa miaka mingi, mwanamke mfupi asiyepandisha sauti hata siku moja. Tunamwita Mwalimu. Leo aliniambia kwamba mama huyu nimemchoma ganzi ya mgongoni dakika tatu zilizopita, ganzi imepanda kuliko inavyotakiwa, sasa imefika kifuani, haya nifanye. Hapo nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mwanamke.

"Daktari, sivuti hewa. Mikono yangu siisikii."

Nikapigwa na butwaa. La kufanya nilikuwa nalijua, nimelisoma mpaka ningeweza kulichora. Lakini sauti ile ilikuwa ya mtu kabisa. Nikasimama na barakoa mkononi mpaka Mwalimu aliposema kwa upole kwamba Shangazi ametutoka.

Nyuma ya pazia alikuwa Mama Mashuka, mtunza shuka wa hospitali. Jogoo anasema yule mama anaigiza kupita kiasi. Nikamuunga mkono, kwa hasira tu.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi kafa tena. Safari hii alikuwa na Jogoo. Nakiri nilifurahi kidogo.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu ana kanuni yake: sema, gusa. Mtungi wa oksijeni wa chumba cha mazoezi hauna hewa, na vichupa vya dawa ni vitupu. Kwa hiyo kila unachofanya unakitamka kwa sauti ili wenzako wasikie, kisha unakigusa, mnaendelea. "Oksijeni imefunguliwa," unasema, unagusa koki. "Dawa ya presha imeingia," unagusa bomba la sindano. Kwa kutamka mimi sina mpinzani. Nilikuwa msomaji wa matangazo shuleni. Leo Mwalimu amesema wenzangu waige sauti yangu, nikavimba kichwa.

Tulipomaliza, Mama Mashuka akatoka nyuma ya pazia akijifuta jasho. Akatuuliza mbona tunatangaza tu, tunamtangazia nani. Tukacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 14 Machi

Nilikwenda chumba cha shuka kuchukua shuka za zamu, lakini ukweli nilikwenda kugombana. Nilitaka kumwomba apunguze kilio, maana kinanichanganya. Nimerudi nimenywea.

Aliniketisha juu ya furushi akanieleza. Miaka ishirini na sita iliyopita, yeye mwenyewe alilazwa kwenye meza ya upasuaji, jengo hili hili, kumzaa kitinda mimba wake. Ganzi ikapanda. Mikono ikapotea, pumzi ikapotea, na mwisho sauti ikapotea. Kilichobaki ni masikio. Akawasikia wakiongea juu yake, mmoja akisema huyu anakwenda, mwingine akiuliza mkasi uko wapi. Hakuna aliyesema naye. Alidhani ameshakufa na kwamba kufa ndiko huko, kusikia watu wakikuzungumza bila kuweza kuwajibu.

Kwa hiyo Mwalimu alipokuwa anatafuta sauti ya mwanasesere, na wauguzi wakawa wanajaribu na kuangua vicheko, Mama Mashuka aliwasikia akiwa koridoni na rundo la shuka. Akaingia akawaambia wanakosea, mtu haogopi namna hiyo.

Halafu akaniambia la pili. Yule binti aliyezaliwa siku ile sasa ni mjamzito, miezi saba kasoro. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na wa pili itakuwa hivyo hivyo. Tarehe ameshapangiwa, 22 Mei, hapa kwetu.

"Siku hiyo mmoja wenu atakaa kichwani pa mwanangu," akasema. "Sauti ile naifanya ili atakayekaa awe ameshaizoea."

Nikamuuliza kama anadhani nitakuwa nimeizoea. Akanitazama, akasema bado.

Jumanne, 18 Machi

Mvua kutwa. Paa linavuja juu ya Shangazi, tumemwekea ndoo tumboni. Jogoo kasema mimba imekua.

Jumapili, 23 Machi

Nimefanya mazoezi nyumbani. Mama yangu alikubali kuwa mgonjwa, akajinyoosha kwenye kochi na miwani yake. Nikamwambia kwanza ganzi imepanda. Akauliza imepanda wapi. Nikamwambia asiulize, aogope. Akasema yeye ameshasomesha mtoto udaktari, hana cha kuogopa tena. Nilipofika kwenye kumpandisha presha alikuwa anakoroma. Nikamfunika nikaenda kuosha vyombo. Nampenda mama yangu, ila mgonjwa hafai.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua ya leo ilipiga bati mpaka hatukusikilizana. Sauti ya nyuma ya pazia haikufika, na Shangazi angekufa kimyakimya kama Mwalimu hangemtoa Mama Mashuka na kumweka kwenye kiti, kichwa chake kikiwa kando ya kichwa cha mpira. Zamu ilikuwa yangu. Ili nimsikie ilinibidi niiname mpaka sikio langu liguse mdomo wake. Na ili anisikie, ilinibidi nami niseme sikioni mwake.

Sijui ilikuwaje. Labda ni ule ukaribu. Niliacha kutangaza. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye daktari wako. Ganzi imepanda kidogo, ndiyo maana pumzi nzito. Mimi nitakupumulia. Siendi popote." Mikono ikaendelea yenyewe na barakoa na mfuko wa kupumulia, ikigusa hiki, ikigusa kile. Mkono wa Mama Mashuka, aliouweka kwenye goti langu, ulikuwa umenibana, kisha ukalegea.

Shangazi akapona. Wenzangu wakapiga makofi. Mama Mashuka alikaa pale kitini kidogo, akisingizia goti. Nilikuwa namwona mwigizaji. Leo nimeona kwamba kila Jumanne na Alhamisi yule mama huirudia siku yake mbaya kuliko zote, kwa hiari yake, kwa ajili yetu.

Jumanne, 8 Aprili

Shangazi kapona. Nimeanza kujisikia. Mama kasema natembea mabega juu.

Alhamisi, 17 Aprili

Ratiba ya Mei imebandikwa. Tarehe 22, kichwani, ni mimi, Mwalimu akiwa nyuma yangu. Nilimwonyesha Mama Mashuka. Alisoma mstari ule mara kadhaa, akasema haya. Ila alinipa shuka mpya kabisa za zamu, ambazo hampi mtu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nitaandika yote, nikiacha leo sitaandika tena.

Mgonjwa alikuwa mwalimu wa chekechea, mcheshi, anatuchekesha hata tukiwa tunamsafisha mgongo. Ganzi ilikaa vizuri. Wakaanza kupasua. Kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha hewa kwenye damu, kikaanza kushuka: tisini na saba, tisini na tatu, tisini. Si jambo kubwa, kina mama wengi hushuka hivyo wakilala chali. Nikamvalisha barakoa nikatamka, kwa ile sauti yangu ya matangazo, "Oksijeni imefunguliwa." Chumba kizima kikasikia. Kila mtu akaniamini, na wa kwanza kuniamini nilikuwa mimi.

Themanini na nane. Nikapima presha, nzuri. Nikamwambia mama asiogope. Themanini na sita. Nikatazama kifua, waya, kidole, kucha, kila mahali isipokuwa mahali pale. Nikatamka tena kwamba oksijeni imefunguliwa.

Mkono wa Mwalimu ukapita juu ya bega langu, ukazungusha koki. Mfuko wa mashine, uliokuwa umelala muda wote huo, ukajaa. Namba zikapanda.

Mkono wangu ulikuwa umeigusa koki, kama unavyoigusa kila Jumanne na kila Alhamisi, ukaiacha.

Mtoto katoka salama, wa kike, mama yake kacheka, wote wazima. Yule mama hakujua kitu mpaka nilipomweleza wodini na kumwomba radhi. Akasema la muhimu amepona, akanipa pole. Pole ya mgonjwa inauma. Nilitamani ardhi ipasuke. Dakika mbili alizikaa nikimwambia nampa hewa, na sikuwa nampa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilidhani Mwalimu atanifukuza. Aliniita chumba cha mazoezi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Shangazi, akaiweka sawa ndoo ya matone.

"Ulifanya nilichokufundisha," akasema. "Miaka minne nafundisha watu kugusa koki badala ya kuifungua. Kosa hilo nimelishona kwa mikono yangu."

Mtu niliyemwogopa karibu miezi miwili alikuwa anatazama mikono yake. Alisema makundi yote aliyowahi kufundisha atayapigia simu yeye mwenyewe, mtu mmoja mmoja, na kwamba kuanzia wiki ijayo hakuna tena kugusa. Kisha akaniambia mimi nina mtu wangu wa kumweleza. Hakutaja ni nani. Nilimjua.

Jumanne, 29 Aprili

Siku nne nimezunguka njia ya nyuma nisipite chumba cha shuka. Leo nikapiga moyo konde.

Alikuwa anakunja. Hakuniuliza kitu, akanirushia ncha mbili za shuka, yeye akashika mbili, tukawa tunakunja huku namweleza. Nilimweleza kila namba. Nilimweleza kuwa nilikuwa nasema na mama, kwa upole, kama yeye alivyonifunza, na kwamba upole wenyewe ndio uliomfanya kila mtu atulie wakati mfuko umelala. Mwisho nikamwambia nimeshaongea na Jogoo, amekubali tubadilishane zamu ya tarehe 22. "Mwanao atakuwa kwenye mikono mingine, mama, usiwe na wasiwasi."

Akaweka shuka kwenye rafu.

"Huyo Jogoo ameshawahi kukosea?"

"Kwa Shangazi tu. Kwa mtu bado."

"Na wewe sasa ukiiona koki?"

Nikamwambia naiota. Nikamwambia jana nimefungua bomba la jikoni kwetu nikasimama pale kuhakikisha maji yanatoka, mama yangu akauliza kama naumwa.

"Basi kaa wewe," akasema. "Jogoo wako atakuja kukosea siku yake. Isiwe kwa mwanangu."

Nikalia kwenye shuka lililokuwa mbele yangu. Akaninyang'anya, akasema limetoka kupigwa pasi, akanipa linalosubiri kufuliwa.

Jumanne, 6 Mei

Mtungi wa mazoezi umejazwa. Koki inazungushwa, na lazima uutazame mfuko ukijaa kabla ya kufungua mdomo. Vichupa vina maji, vinavunjwa kweli, nimejikata kidole. Kanuni mpya ya Mwalimu: fungua, tazama, ndipo useme. Tumekuwa wazito ghafla, Shangazi kafa mara mbili. Mwalimu anasema bora, sasa anakufa kihalali.

Jumatano, 14 Mei

Mvua zinapungua. Binti wa Mama Mashuka alikuja kliniki. Mnene wa miguu, mwepesi wa maneno. Nilimtafuta nikajitambulisha kwamba mimi ndiye nitakayekaa kichwani. Akasema anajua, mama yake haongei kingine. Akauliza kama inauma. Nikamweleza hatua zote, pamoja na kwamba mara chache ganzi hupanda, na itakavyokuwa ikipanda. Jogoo alisema baadaye nimemtisha bure. Labda. Mimi nisingependa kuambiwa nikiwa siwezi tena kuuliza.

Jumatano, 21 Mei

Kesho. Siwezi kula.

Alhamisi, 22 Mei

Tuliingia saa tatu asubuhi. Nilipima dawa mara mbili, Mwalimu akaikagua, nikachoma, maji ya mgongo yakatoka safi, dawa ikaingia. Tukamlaza, tukaegemeza nyonga upande wa kushoto. Nikafungua oksijeni, nikatazama mfuko ukijaa. Akawa ananieleza mtoto wake wa kwanza anavyokataa kuvaa viatu.

Hapo mlango ukafunguliwa. Chumba cha pili mama anatoka damu, anatakiwa mtu wa usingizi sasa hivi. Mwalimu akanitazama. Nikamwambia aende, tuko shwari. Na kweli tulikuwa shwari. Akanigusa mgongoni akatoka.

Dakika tatu baadaye yule binti akaacha habari za viatu katikati.

"Daktari, sivuti hewa," akasema. "Mikono yangu siisikii."

Sauti ni ya mama yake, kabisa, kama ile ya nyuma ya pazia. Nilishtuka, nisidanganye. Lakini sauti ile nilikuwa nimekaa nayo karibu miezi mitatu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye koki, ukazungusha mpaka ikagoma, na macho yakaona mfuko umejaa tele. Nikamwambia muuguzi apige kengele na Mwalimu aitwe. Nikawaambia wapasuaji ganzi imepanda, wamtoe mtoto. Presha imeanguka, nikasukuma dawa ya presha, nikaona imeingia. Mapigo arobaini na nne, nikasukuma ya mapigo. Dripu ikafunguliwa yote.

Akanong'ona kitu. Halafu midomo ikawa inacheza bila sauti. Halafu ikaacha.

Nikaibana barakoa usoni pake nikaanza kuminya mfuko. Kifua kikapanda. Nikaminya tena, kikapanda. Nikainama sikioni. "Najua unanisikia. Ganzi imepanda kama nilivyokueleza kliniki. Hufi. Pumzi hii ni ya kwangu, nakupa, na hii nyingine, na hii nyingine. Mikono itarudi, sauti itarudi. Mimi nipo hapa, siendi popote." Machozi yalimtoka pembeni mwa jicho, nikayafuta kwa kiwiko kwa sababu mikono haikuwa na nafasi. Nilikuwa namwogopea, na nilikuwa nampenda, sijui neno jingine la kutumia.

Mtoto akalia. Nikamwambia, "Huyo anayelia ni wako. Wa kiume, mwekundu, ana hasira." Nikaendelea kuminya.

Mwalimu alifika akihema. Akatazama mfuko, akatazama kifua, akatazama koki, akasema vizuri tu, twende. Nikamwambia binti sasa tutampa dawa ya usingizi, tumwekee mpira wa pumzi, mashine ipokee, na akiamka nitakuwa hapo hapo. Tukamlaza.

Saa moja na robo baadaye ganzi ilishuka, vidole vikacheza, akabana mkono wangu nilipomwambia abane. Tukatoa mpira. Neno lake la kwanza lilikuwa maji.

Nilipohakikisha presha imetulia nikashuka chumba cha shuka. Mama Mashuka alikuwa amesimama katikati ya rafu, hafanyi kitu. Nikamwambia kwanza kwamba wote wawili wazima, na kwamba ni mvulana. Kisha nikamwambia yaliyobaki kwa mpangilio, maana alistahili kuyajua. Kwamba ganzi ilipanda. Kwamba alipoteza pumzi na sauti. Kwamba nilimpumulia kwa mkono dakika sita, na mashine saa moja na robo.

"Alikuwa anasikia?" akauliza.

"Mpaka tulipompa dawa ya usingizi alikuwa anasikia. Na mimi nilikuwa nasema naye. Sikunyamaza hata mara moja."

Akakaa kwenye furushi. Alilia bila sauti, mabega tu, nami nikakaa karibu yake nikamshika mkono. Dobi mmoja akachungulia akaondoka.

Alipojiweza akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Aliyempumulia yeye siku ile hakuwahi kumwona uso. Alipozinduka zamu ilikuwa imebadilika. Alirudi mara tatu na mtoto mgongoni kumtafuta amshukuru, kila aliyemuuliza akasema si yeye, labda fulani, labda amehamishwa. Ndipo alipoomba kazi hapa, akiamini siku moja atamsikia mtu akiisimulia siku ile. Hajamsikia mpaka leo.

Akajifuta uso. Akanigeukia, ananiangalia vizuri kabisa.

"Na wewe unaitwa nani, mwanangu? Miezi yote hii nakuita daktari tu."

Nikamwambia jina langu, na la baba yangu. Akayarudia mara mbili, polepole, asije akayakosea, kisha akapanda ngazi kwenda kwa mwanawe.